Sheria ni Msumeno? Jina la Kosa na Cheo cha Mshtakiwa katika Historia ya Kenya

Kila ninaposahihisha insha za watahiniwa kuhusu maudhui ya haki katika riwaya au tamthilia iliyoteuliwa, hukumbana na sentensi ambayo sasa imekuwa kama kiitikio: kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini katika jamii ya mwandishi msumeno huo hukata upande mmoja tu. Sentensi hiyo hupata alama yake na mtahiniwa huendelea na hoja nyingine. Hata hivyo, nimekuwa nikijiuliza kama anaelewa alichokiandika. Ukimwuliza msumeno huo hukataje upande mmoja, atakujibu kwamba hakimu alihongwa. Ukimtaka akuonyeshe mahali kitabuni ambapo hakimu alihongwa, atainamisha kichwa, kwa sababu mara nyingi mahali hapo hapapo.

Makala haya yanadhamiria kumsaidia mtahiniwa huyo pamoja na mwalimu wake. Tutaangalia kesi chache za historia ya nchi yetu, tangu enzi za masetla hadi miaka yetu hii, ili tuone ni wapi hasa tofauti kati ya mkubwa na mdogo hutokea. Maoni yangu ni kwamba tofauti hiyo haitokei sana pale hakimu anapotamka kwamba fulani ana hatia au hana. Hutokea mapema, kosa linapotafutiwa jina. Mkubwa nchini Kenya hupatikana na hatia mara nyingi kuliko tunavyodhani, ila hatia yenyewe huwa ya kosa lililopewa jina dogo. Mnyonge naye hupewa jina kubwa kuliko tendo lake. Kwa hivyo, kabla suala hili halijawa la kisheria, ni suala la msamiati, na sisi walimu wa lugha tuna haki ya kuliingilia.

Tuanzie Nairobi, tarehe 14 Machi 1907. Siku hiyo Ewart Grogan, setla tajiri aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha masetla, aliwachapa viboko hadharani vijana watatu Waagikuyu waliokuwa wakivuta magari madogo ya abiria. Alidai kwamba walikuwa wamewakosea adabu dada yake na mwanamke mwingine waliokuwa wamewabeba. Mahali alipopachagua pa kuwachapia palikuwa mbele ya jengo la mahakama. Hilo si jambo la kupitiwa haraka. Hakuwapeleka vijana hao porini wala nyuma ya duka. Aliwaleta mlangoni pa nyumba ya sheria, umati wa Wazungu ukatazama, na afisa wa mahakama alipotoka nje kujaribu kuzuia, hakusikilizwa.

Grogan alishtakiwa. Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapokosea anapodhani kwamba mkubwa haguswi kabisa. Alishtakiwa, akapatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500, huku wenzake wakipata adhabu ndogo zaidi. Lakini alishtakiwa kwa kosa gani? Alishtakiwa kwa kushiriki katika mkusanyiko haramu. Viboko havikutajwa katika jina la kosa, na migongo ya wale vijana watatu haikuwamo. Ukisoma jina la kosa peke yake, utadhani aliyekosewa ni barabara iliyozibwa na watu. Kifungo chenyewe hakukitumikia katika seli pamoja na wafungwa wa kawaida bali katika nyumba iliyotengwa kwa ajili yao.

Anaweza kutokea mtu wa kuitetea serikali ya wakati huo, aseme kwamba shtaka dogo ndilo pekee lililoweza kufaulu, kwani shtaka kubwa lingepelekwa mbele ya juri ya Wazungu wenzake, nao wangemwachilia. Utetezi huo una uzito. Lakini ukiufuata hadi mwisho wake, utaona unakiri jambo lile lile tunalolichunguza, kwamba ili mkubwa aadhibiwe hata kidogo, ilibidi kwanza kosa lake lipunguzwe hadi litoshee mlango ambao jamii yake ilikuwa radhi kumpitishia. (Kwa faida ya wanafunzi wanaosoma Nairobi: barabara iliyokuwa ikiitwa Grogan siku hizi ni Kirinyaga, ila mafundi wa magari wa pale bado wanalitumia jina la zamani, na wengi wao hawajui ni la nani.)

Nimeitaja juri, na ni vyema nieleze. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani raia walioketi kusikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Raia hao walikuwa Wazungu. Mwafrika aliyeshtakiwa hakuwa na haki hiyo. Yeye alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa mahakama, ambao walitoa maoni yao lakini jaji hakulazimika kuyafuata. Kwa hivyo katika jengo moja, chini ya nembo moja ya Mfalme, palikuwa na milango miwili. Utaratibu wa wazee wa mahakama ulidumu hata baada ya uhuru, hadi ulipofutwa mwaka 2007.

Kesi ambayo kwangu mimi inaeleza zaidi kuliko zote ni ya Molo, mwaka 1923. Setla mmoja kijana, Jasper Abraham, alimtuma mfanyakazi wake na farasi jike, kwa amri kwamba asimpande bali amwongoze kwa miguu. Mfanyakazi alionekana amempanda. Kwa kosa hilo alichapwa kwa hatamu za ngozi, akafungwa kamba, akafungiwa ghalani usiku, na usiku huo akafa. Katika kumbukumbu anaitwa Kitosh. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Bungoma ataguswa na jina hilo, kwani ndilo jina ambalo wakoloni walilitumia kuwaita Wabukusu wote. Aliyeua ameingia katika historia kwa jina lake na la ukoo wake, na aliyeuawa ameingia kwa jina ambalo wageni walilibandika kabila zima.

Kesi ilisikizwa Nakuru mbele ya juri ya masetla. Upande wa utetezi ulileta madaktari, na hoja iliyojengwa ilikuwa ya kushangaza: kwamba marehemu alikuwa ametaka kufa, na kwamba utashi huo wa kufa ndio uliomwondoa duniani, si majeraha peke yake. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Ngong, aliisimulia kesi hii katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1937, na anastahili sifa kwa kutoisahau, ingawa mimi huona anaupenda mno ule utashi wa kufa, kana kwamba ulikuwa fahari ya mtu aliyekuwa akifa. Juri ilirudi na uamuzi wake. Haikusema mauaji, wala haikusema kuua bila kukusudia. Ilisema kujeruhi vibaya. Abraham akafungwa miaka miwili.

Tuitazame lugha hapo. Mtu amekufa, lakini kosa lililotajwa ni la kumjeruhi mtu, na kujeruhiwa ni kwa aliye hai. Ili neno hilo likubalike, ilibidi kifo kiondolewe mikononi mwa aliyepiga na kukabidhiwa aliyepigwa, yaani Kitosh awe ndiye mtendaji wa kifo chake mwenyewe. Wanafunzi wetu huwafundishwa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kama zoezi la sarufi. Juri ya Nakuru ilifanya zoezi hilo hilo na mtu akapata miaka miwili badala ya kitanzi.

Uamuzi huo uliwaudhi hata wakubwa wa London. Wakati huo sheria ya jinai iliyotumika Kenya ilikuwa ile iliyotungwa kwa ajili ya India, na kesi ya Abraham ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa za kuiacha. Mwaka 1930 pakaletwa Kanuni ya Adhabu mpya, ambayo ndiyo mzazi wa ile tunayoijua leo kama Sura ya 63. Kwa maneno mengine, ukurasa ambao hakimu wa Kenya anaufungua asubuhi hii kumsomea mshtakiwa mashtaka, kwa sehemu fulani, umeandikwa kwa ajili ya yule mfanyakazi wa Molo.

Sasa ni lazima nikomee kidogo na kutaja kesi inayopingana nami, maana mwalimu anayeficha ushahidi usiompendeza hana tofauti na wakili mbaya. Mwezi Oktoba 1959, hapa Nairobi, Mzungu mmoja kwa jina Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, mfanyakazi aliyekuwa amewarushia mbwa wake mawe. Poole alishtakiwa kwa mauaji. Juri ilisema mauaji. Maombi ya msamaha yalimfikia Gavana, naye akayakataa, na tarehe 18 Agosti 1960 Poole akanyongwa. Hakuna Mzungu mwingine aliyewahi kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Kwa hivyo iliwezekana. Neno kubwa lilikuwapo wakati wote, na juri ya Wazungu iliweza kulitamka. Lakini zingatia tarehe. Mapema mwaka 1960 kongamano la Lancaster House lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba nchi itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Miaka michache tu kabla yake, wakati wa Hali ya Hatari, mahakama za kikoloni ziliwapeleka Waafrika 1,090 kunyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na si wote walioua. Kuwa na risasi mfukoni au kuonekana pamoja na wapiganaji kulitosha. Huko hapakuwa na haja ya kupunguza jina la kosa. Liliongezwa: kuwa na kitu kukawa sawa na kuua, na kukaa karibu na mtu kukawa sawa na kupigana. Ukiweka Poole mmoja upande huu na 1,090 upande ule, utaona kwa nini nasema kwamba suala si kama mkubwa huadhibiwa. Mara moja moja huadhibiwa, na tendo hilo husimuliwa miaka mingi kwa sababu ya uchache wake.

Uhuru ulikuja na juri za Wazungu zikaondoka. Je, neno lilibadilika? Mwaka 1980 mjini Mombasa, Monicah Njeri aliuawa na baharia wa Marekani, Frank Sundstrom, ambaye meli yake ya kivita ilikuwa bandarini. Baharia huyo alikiri kuua bila kukusudia. Adhabu aliyopewa na jaji, ambaye alikuwa mmoja wa majaji Wazungu waliobaki nchini, ilikuwa kutia saini ahadi ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa muda wa miaka miwili. Akaenda zake. Magazeti yalifoka na wabunge wakafoka. Nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakiitaja hesabu hiyo ya shilingi 500 kama watu wanaotaja bei ya mbuzi.

Hapo mkubwa hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa kijana wa miaka 19 asiye na cheo. Nguvu zake zilikuwa za meli iliyomleta. Nalitaja hili kwa sababu watahiniwa wengi hudhani kwamba mwenye nguvu lazima awe mtemi au waziri. Nguvu mbele ya sheria ni kitu cha kuazima pia. Mtoto wa mkubwa, mgeni wa mkubwa, hata mbwa wa mkubwa, wote huazimwa kivuli.

Kisha tukafika mwaka 2005. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, katika shamba la Soysambu kwenye Bonde la Ufa, Thomas Cholmondeley, mjukuu wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Wanyamapori aliyekuwa kazini akichunguza biashara ya nyama za porini. Cholmondeley alisema alidhani ni majambazi. Alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi Mei, kabla kesi haijasikizwa, Mwanasheria Mkuu aliifuta kwa hati iitwayo kwa Kilatini nolle prosequi, yaani serikali haitaki kuendelea. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa ushahidi. Wamaasai waliandamana, na ukumbi wa mahakama ukabaki bila kazi.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika shamba lile lile, Cholmondeley alimpiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe aliyekuwa na wenzake na mbwa wao wakiwa wamewinda swala. Njoya akafa. Safari hii kesi iliendelea. Ilichukua miaka mitatu, na kwa kuwa wakati huo mshtakiwa wa mauaji hakuwa na haki ya dhamana, Cholmondeley alikaa rumande Kamiti miaka yote hiyo kama mahabusu wengine. Hilo nalo tulikubali bila kinyongo. Mwezi Mei 2009 jaji alimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, akamwongezea miezi minane juu ya ile miaka mitatu. Aliachiliwa mwaka huo huo, akafariki mwaka 2016.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kosa la kuua lazima liitwe mauaji. Sheria inatofautisha aliyeua kwa dhamira na aliyeua bila dhamira, na tofauti hiyo ni ya haki kabisa. Bila hiyo dereva aliyemgonga mtu angenyongwa. Jaji aliusikiliza ushahidi ambao mimi sikuusikiliza. Ninachokitazama ni mpangilio. Ukiweka pamoja mkusanyiko haramu wa 1907, kujeruhi vibaya kwa 1923, ahadi ya shilingi 500 ya 1980, hati ya Kilatini ya 2005 na kuua bila kukusudia kwa 2009, utaona kila jina ukilichukua peke yake lina utetezi wake. Ukiyasoma kwa mfululizo, yanakuwa na mwelekeo, na mwelekeo huo ni wa kuteremka.

Turudi sasa kwa mtu wa kawaida, tuone kama kwake majina huteremka pia. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinahusu unyang'anyi wa kutumia nguvu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mnyang'anyi anahesabiwa kuwa wa kutumia nguvu akiwa na silaha, au akijeruhi, au akiwa tu pamoja na mwenzake. Vijana wawili wanaompora mtu simu kwa kumsukuma wameingia katika kifungu hicho, hata kama simu ni ya bei rahisi na aliyeporwa amerudi nyumbani salama. Kosa hilo lilisikizwa na hakimu wa mahakama ya chini, na kwa miaka mingi kiongozi wa mashtaka alikuwa afisa wa polisi. Zaidi ya hayo, mshtakiwa wa mauaji alipewa wakili na serikali akiwa hana uwezo, lakini mshtakiwa wa unyang'anyi hakupewa, ijapokuwa wote wawili walisubiriwa na kitanzi. Hali hiyo ilianza kuguswa baada ya Katiba ya 2010.

Matokeo yake tuliyaona Agosti 2009, miezi mitatu tu baada ya hukumu ya Cholmondeley, Rais Mwai Kibaki alipobadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha. Wengi wa wafungwa hao hawakuwa wameua mtu. Walikuwa wamehukumiwa chini ya kifungu hiki cha unyang'anyi. Mwaka mmoja, nchi moja: aliyeua akapewa miezi minane, na aliyepora akafurahia kupunguziwa adhabu hadi maisha. Sijui mfano mwingine ambao ningemwandikia mwanafunzi ubaoni na kuketi chini bila kuongeza neno.

Je, mambo yamerekebishwa? Kwa kiasi. Nguvu ya Mwanasheria Mkuu ya kufuta kesi ilikuwa katika kifungu cha 26 cha Katiba ya zamani, na ilitumika mara nyingi pale raia walipojaribu kuwashtaki wakubwa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2000 majaji wa Mahakama Kuu walithubutu kusema kwamba nguvu hiyo ina mipaka. Katiba ya 2010 ikaikabidhi kazi ya mashtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kifungu cha 157(8) kikasema hawezi kufuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Mlango ule wa 2005 ukatiwa komeo. Dhamana nayo ikafunguliwa kwa washtakiwa wote, wa mauaji wakiwamo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Hayo ni mageuzi halisi, na mwalimu asiyetaja ila ubaya humfundisha mwanafunzi kulalamika badala ya kuchunguza. Lakini komeo lenyewe lina funguo. Ruhusa huombwa na hutolewa. Mashahidi hubadilisha kauli. Na dhamana iliyo haki ya wote bado ni pesa taslimu, kwa hivyo mama aliyekamatwa akichemsha chang'aa hulala ndani na mshtakiwa wa mamilioni hulala kwake.

Tuje basi kwenye fasihi, ambako ndiko tulikotoka. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), mwajiri wa Kizungu anaitwa Delamon. Mimi siwezi kulitamka jina hilo bila kusikia mwangwi wa jina la ukoo wa mashamba ya Bonde la Ufa, na nadhani mtazamaji wa mwaka 1981, akiwa na habari za Mombasa za mwaka uliotangulia masikioni, alisikia vivyo hivyo. Mtahiniwa anayejua kesi ya Molo atamwelewa Lanina na wafanyakazi wenzake kwa namna ambayo muhtasari wa mwongozo hauwezi kumpa, kwa maana atajua kwamba kudai haki shambani mwa setla kulikuwa kudai kitu ambacho mahakama yenyewe ilikuwa imekwisha kukitaja kwa jina jingine.

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2017, inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mtoto mchanga, Uhuru, anaachwa mlangoni pa Amani. Anaugua, anapelekwa hospitalini, wauguzi hawamshughulikii, anakufa. Waliokuwa wakimlea, Amani na Imani, wanatiwa ndani kwa kushukiwa kumuua. Baba wa mtoto ni Mtemi Nasaba Bora. Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu haki katika sehemu hiyo husema kwamba Amani na Imani walionewa, nao wamesema kweli. Lakini swali la kina ni hili: kifo kile kiliitwa nini, na nani aliyekiita? Matendo yaliyopo ni kadhaa. Kuna kumringa msichana wa shule mimba, kuna kumtelekeza mtoto, kuna uzembe wa wauguzi, kuna malezi ya vijana wawili maskini. Kati ya matendo hayo yote, ni lile la mwisho pekee, ambalo ni tendo la huruma, lililopewa jina la kosa. Mengine hayakupewa jina lolote, na tendo lisilo na jina halina hati ya mashtaka. Ndiyo maana hukumu inayompata Mtemi mwishoni haitoki kwa hakimu yeyote. Walibora hakumpeleka kizimbani, na mtahiniwa anayeona hilo kuwa udhaifu wa msuko afikirie tena.

Katika darasa langu nimewahi kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika hati ya mashtaka ya kila mhusika wa riwaya hiyo, kwa sentensi moja tu: nani, alifanya nini, kosa linaitwaje. Waliandika ya Amani haraka. Walipofika kwa Mtemi kalamu zilisimama, si kwa kukosa matendo bali kwa kukosa neno. Msichana mmoja aliandika "alitumia madaraka vibaya", akalifuta, akaandika upya, akaniuliza kama hilo ni kosa au ni maoni. Tulimaliza kipindi tukijadili swali lake.

Mwezi Machi 2012, mjini Nanyuki, Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mdogo, alitoweka baada ya kuonekana na wanajeshi wa Uingereza, na mwili wake ukapatikana baadaye katika tangi la maji taka la hoteli. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ulisema aliuawa na mwanajeshi mmoja au zaidi wa Uingereza. Mwezi Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata aliyekuwa mwanajeshi mmoja wa nchi hiyo, na neno lililoandikwa katika mashtaka ni mauaji. Mwaka ulipokwisha alikuwa bado hajasimama kizimbani Kenya.